MASHINE YA KUFULIA IKIKWAMA: MAELEZO KWA WANAOFANYA KAZI ZA NYUMBANI KIGALI

Ndugu wakazi wa kambi,

Katika karatasi hii tunazungumzia chombo ambacho kambini hatuna, lakini wengi wetu tunakutana nacho tukitoka: mashine ya kufulia nguo.

Huku tunafua kwa beseni, sabuni ya mche na maji ya bidoni. Lakini vijana wetu, wasichana kwa wavulana, wanakwenda Kigali kutafuta kazi za nyumbani. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Baadhi yao wamepata kazi kwenye nyumba kubwa za Rebero, kile kilima cha wilaya ya Kicukiro, kusini mwa katikati ya jiji. Mama mwenye nyumba anamwonyesha mfanyakazi mashine mara moja, siku ya kwanza, kisha anakwenda kazini kwake. Wiki ya pili mashine inasimama, imejaa maji na nguo, mlango haufunguki. Hapo ndipo matatizo yanaanza.

Waliorudi kambini wametueleza mambo mawili. La kwanza: mashine ikisimama, anayelaumiwa ni mfanyakazi. Dada mmoja alikatwa mshahara wa mwezi mzima kwa mashine aliyoambiwa ameiharibu. Fundi alipokuja alitoa sarafu ya faranga 50 sehemu ya chini ya mashine, nayo ikafanya kazi siku ile ile. Mshahara haukurudishwa. La pili: kwa kuogopa lawama, wengine wanajaribu kutengeneza kwa siri, wamesimama pekupeku kwenye maji, umeme haujachomolewa. Hilo linaweza kuua mtu.

Kwa hiyo someni karatasi hii, na mwenye ndugu Kigali amsomee kwa simu. Itawasaidia kujua tatizo gani unaweza kuliondoa mwenyewe, tatizo gani ni la fundi, na namna ya kumweleza mwenye nyumba.

1. MASHINE INAFANYAJE KAZI?

Huwezi kujua kilichokwama kama hujui kazi inavyokwenda. Mashine ya mlango wa mbele, ambayo ndiyo inayowasumbua wengi, inafuata hatua hizi:

(a) Mlango unajifunga kwa kufuli la umeme.
(b) Maji yanaingia kwa mpira wa nyuma, yanapita kwenye kidroo cha sabuni, yanashuka ndani.
(c) Kifaa kidogo kinapima kimo cha maji. Yakitosha, maji yanafungwa.
(d) Maji yanapashwa moto, kama umechagua kufua kwa maji ya moto.
(e) Pipa linageuka polepole, upande huu na upande ule. Huko ndiko kufua.
(f) Pampu iliyo chini inatoa maji machafu kwa mpira wa pili. Maji safi yanaingia kusuuza. Hili linarudiwa mara kadhaa.
(g) Pipa linazunguka kwa kasi sana kukamua nguo. Mashine nyingi zinafika mizunguko 1000 kwa dakika au zaidi.
(h) Kufuli la mlango linafunguka.

Kila hatua inangoja iliyotangulia. Maji yasipoingia, haitafua. Maji yasipotoka, haitakamua, na mlango hautafunguka. Kwa hiyo mashine ikisimama, usianze kubonyeza kila kitu. Jiulize swali moja: imesimama kwenye hatua gani? Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi.

2. USALAMA KWANZA

Maji na umeme haviishi pamoja. Kabla ya kugusa kitu chochote kwenye mashine iliyokwama:

- Zima mashine, kisha chomoa plagi. Kuzima kitufe peke yake hakutoshi.
- Kama sakafu ina maji hadi penye plagi, usiikanyage. Zima kwanza swichi kubwa ya nyumba, pale penye mita ya Cash Power au kwenye kisanduku cha umeme.
- Vaa viatu vikavu, futa mikono ikauke.
- Kama ilikuwa inafua kwa maji ya moto, subiri yapoe. Maji ya nyuzi 60 au 90 yanaunguza ngozi.
- Usifungue kamwe bati la nyuma wala la juu. Huko ndani ni kwa fundi.

Ukigusa mwili wa mashine ukahisi mkono unachachatika, hata kidogo, acha mara moja. Maana yake umeme unavuja na waya wa ardhini haupo au umekatika. Zima swichi kubwa, usiitumie tena mpaka fundi wa umeme aje. Usikubali kuambiwa kwamba ni kawaida yake.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima swichi kubwa kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu, kama mpini wa ufagio. Kisha piga 912, namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda.

3. MATATIZO YA KAWAIDA NA LA KUFANYA

TATIZO LA 1: Mashine haiwaki kabisa.
Angalia mambo rahisi kwanza. Je, umeme upo nyumbani? Je, Cash Power haijaisha? Je, plagi imeingia vizuri? Jaribu kuchomeka kwenye tundu lile lile kitu kingine, kama chaja ya simu. Kama chaja haipati umeme, tatizo ni tundu au swichi ya kwenye kisanduku, si mashine.
Ikiwa taa zinawaka lakini haianzi, sukuma mlango mpaka usikie unalia "tak". Angalia kama nguo haijabanwa mlangoni. Angalia pia kama kufuli la watoto limewashwa. Mara nyingi lina alama ya kufuli au ya uso wa mtoto, na linaondolewa kwa kubonyeza kitufe chake kwa sekunde chache.

TATIZO LA 2: Inawaka, lakini maji hayaingii.
Fungua robine ya jikoni. Kama hakuna maji, mashine haina kosa. Kama maji yapo, angalia robine ya mashine yenyewe kama imefunguliwa, na mpira kama haujajikunja.
Kisha angalia chujio. Nyuma ya mashine, pale mpira unapoingia, kuna kichujio kidogo. Maji yanaporudi baada ya kukatika huja na tope na mchanga, na kichujio kinaziba. Funga robine, chomoa plagi, weka beseni, fungua mpira kwa mkono. Toa kichujio taratibu kwa koleo, kisugue kwa mswaki wa zamani, kirudishe. Hakikisha kile kipete cha mpira kimerudi mahali pake, la sivyo maji yatavuja.
Sababu ya tatu ni tangi. Nyumba nyingi za vilimani zina tangi la akiba. Maji ya tangi yanashuka kwa uzito wake tu, na nguvu yake inategemea kimo. Mita 10 za kimo zinatoa nguvu ya baa 1. Mashine nyingi zinahitaji karibu nusu ya baa, yaani tangi liwe juu ya mashine kwa mita 5 hivi. Tangi lililo juu ya mashine kwa mita 2 linatoa baa 0.2 tu: robine inatoa maji, lakini mashine inangoja mpaka inachoka na kuonyesha kosa. Hapo dawa ni pampu ya kusukuma maji, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.
Kama maji hayapo na nguo ni za haraka, omba ruhusa ya mwenye nyumba, kisha mimina maji safi polepole kwenye kidroo cha sabuni mpaka mashine ianze kugeuza. Mashine inapima kimo cha maji tu, haijui kama yametoka kwenye bomba au kwenye bidoni. Lakini kumbuka utamimina tena kila inaposuuza, na usimwagie vitufe.

TATIZO LA 3: Maji yanaingia na kutoka hapo hapo, haifui.
Angalia mpira wa kutolea maji. Kama ncha yake imelala chini sakafuni, maji yanajivuta yenyewe na kutoka. Ncha inatakiwa iwe juu, kwenye mashine nyingi kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni.

TATIZO LA 4: Maji hayatoki, nguo zinaelea.
Hili ndilo linalotokea sana, na ndilo lililomkatisha mshahara dada tuliyemtaja. Kwanza angalia mpira wa kutolea kama haujakunjwa au kukandamizwa na ukuta. Kama uko sawa, safisha filta ya pampu:

(a) Chomoa plagi. Subiri maji yapoe.
(b) Chini mbele, pembeni, kuna mlango mdogo. Ufungue kwa kucha au kwa kijiko.
(c) Tandika matambara, weka sahani bapa au kifuniko cha ndoo. Maji yatakuwa mengi, yanaweza kufika lita 10 au zaidi.
(d) Kama kuna kijimpira chembamba, vuta, toa kizibo chake, acha maji yatoke kidogo kidogo. Ukijaza chombo, ziba, mwaga, endelea.
(e) Maji yakiisha, zungusha filta kuelekea kushoto, polepole, uitoe.
(f) Ondoa ulichokuta: sarafu, vishikizo, pini, nywele, soksi ya mtoto. Osha filta.
(g) Chungulia ndani ya tundu. Kuna kijigurudumu chenye mabawa. Kiguse kwa kijiti. Kinatakiwa kigeuke, hata kama kwa kuruka ruka. Kama kimeshikwa na uzi, uondoe.
(h) Rudisha filta, ikaze vizuri. Isipokazwa, maji yote yatamwagika sakafuni.
(i) Chomeka plagi, chagua programu ya kutoa maji, uangalie.

Ulichokitoa usikitupe. Kiweke kwenye kikombe. Tutaeleza sababu mbele.

TATIZO LA 5: Haikamui, au inatingishika na kutembea.
Mashine inapima uzito kabla ya kukimbia. Uzito ukiwa upande mmoja, inakataa kukamua ili isijivunje. Blanketi moja zito peke yake, au shuka lililomeza nguo nyingine, ndiyo sababu ya kawaida. Mashine ikisimama na mlango ukafunguka, tawanya nguo, ongeza taulo mbili au tatu ili zisawazishe, ukamue tena. Kama ulijaza kupita kiasi, punguza. Mkono wako unatakiwa uingie wima juu ya nguo kavu.
Ikitembea sakafuni, sukuma kona zake. Ikiyumba, zungusha mguu mmoja chini mpaka isimame imara. Kama mashine ni mpya na inaruka vibaya tangu siku ya kwanza, mwambie mwenye nyumba aangalie nyuma: mashine husafirishwa na boliti zinazoshika pipa, na wengine husahau kuzitoa.

TATIZO LA 6: Povu linafurika, maji yanavuja mbele.
Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi. Mashine haitaki povu. Povu linatoka kwenye kidroo, linaichosha pampu na kuzuia kukamua. Mwenye nyumba anunue sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine. Kama haipo, tumia kijiko kimoja au viwili vya chakula vya ile ya mkono, basi. Povu likishajaa, simamisha, ngoja litulie, kisha suuza bila sabuni.
Kama si povu, futa mpira wa mlango pande zote. Unywele au uzi ukikaa pale, maji yanapita. Safisha pia kidroo. Sabuni iliyoganda inarudisha maji mbele. Mpira ukiwa umepasuka, ni wa kubadilisha.

TATIZO LA 7: Mlango haufunguki.
Subiri dakika 3 baada ya kazi kwisha. Kama kioo kinaonyesha maji, yatoe kwanza kama tulivyoeleza kwenye tatizo la 4. Kama umeme ulikatika, subiri urudi. USIVUTE KWA NGUVU. Mpini ukivunjika, hapo kweli utakuwa umeharibu wewe.

TATIZO LA 8: Nguo zinanuka, ingawa zimefuliwa.
Maji yaliyolala kwenye mpira wa mlango yanaota ukungu. Futa mpira na kioo kila ukimaliza, acha mlango na kidroo wazi kidogo. Mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi.

4. HERUFI ZINAZOTOKEA KWENYE KIOO

Mashine nyingi hujieleza zenyewe. Ziandike au zipige picha kabla ya kuzima, maana zikifutika fundi hatazijua.

Kwenye LG: IE, maji hayaingii. OE, maji hayatoki. UE, nguo hazijasawazika. dE, mlango haujafunga.
Kwenye Samsung: 4E au 4C, maji hayaingii. 5E au 5C, maji hayatoki. dE au dC, mlango.
Kwenye Bosch: E18, maji hayatoki.

Ndugu wengine husoma 5E wakidhani ni SE. Ni jambo lile lile.

5. HAYA NI YA FUNDI, USIYAGUSE

- Swichi ya nyumba inaanguka kila mashine inapoanza kupasha maji. Huenda kipasha maji kimeharibika na umeme unavuja.
- Harufu ya kuungua, au moshi. Zima swichi kubwa na usirudishe.
- Mota inanguruma lakini pipa halizunguki. Huenda mkanda umekatika.
- Wakati wa kukamua kuna kelele kama ya ndege, inayoongezeka wiki hadi wiki. Ni beringi.
- Maji yanatoka chini katikati, na hujui yanapotoka.

Jambo lingine: usichomeke mashine kwenye waya wa kuongezea, ule wa bei rahisi wenye matundu mengi. Mashine inayopasha maji kwa wati 2000 inavuta karibu ampea 9. Waya mwembamba unayeyuka na kuwasha moto.

6. KINGA YA KILA SIKU

- Pekua mifuko yote. Sarafu na pini zote zinaanzia mfukoni.
- Soksi za mtoto na sidiria zenye waya zitie kwenye mfuko wa wavu, au zifue kwa mkono.
- Tenga nyeupe na za rangi. Shati likibadilika rangi, si kosa la mashine.
- Angalia ndani ya pipa kabla ya kufunga. Watoto wadogo na paka hupenda kuingia.
- Maji yakirudi baada ya kukatika, yaache kwanza yatiririke kwenye bidoni mpaka yawe safi.
- Umeme ukikatika, chomoa plagi. Unaporudi, mara nyingine unarudi na nguvu isiyo sawa.
- Safisha filta ya pampu kila mwezi.

7. NAMNA YA KUONGEA NA MWENYE NYUMBA

Ndugu, hapa ndipo kazi inapopotea au kuokoka. Watu wengi hawafukuzwi kwa sababu mashine imesimama. Wanafukuzwa kwa sababu walificha, na mwenye nyumba akakuta maji sebuleni.

Siku ya kwanza, omba kwa heshima uonyeshwe vitu vinne: robine ya mashine, swichi kubwa ya umeme, mlango mdogo wa filta, na kitabu cha maelezo kama kipo. Jaribu mashine mwenye nyumba akiwepo. Ukiona inavuja au inapiga kelele, mwambie siku hiyo hiyo, isije ikaonekana umeikuta nzima. Kubalianeni pia mapema, na ikiwezekana kwa maandishi, chombo kikiharibika itakuwaje. Mbele ya shahidi ni bora zaidi.

Mashine ikikwama, piga simu mapema, usingoje jioni. Sema wazi na kwa mpangilio: "Mama, samahani kwa kukusumbua. Mashine imesimama kwenye kutoa maji, inaonyesha OE. Nimechomoa umeme. Naomba ruhusa nifungue filta." Ukimaliza mwambie: "Nimekuta sarafu na vishikizo viwili, nimeviweka kwenye kikombe uvione. Sasa maji yanatoka."

Kikombe kile ndicho shahidi wako. Kinaonyesha kilichosababisha, na kinaonyesha kwamba hukuiba hata faranga 50. Dada tuliyemtaja angekuwa na kikombe, angalau angekuwa na la kusema.

Kama si kazi yako, sema hivyo hivyo: "Mama, hili ni la fundi, naogopa nisiharibu zaidi." Hakuna aibu. Fua kwa mkono siku hiyo. Huo ni ujuzi ambao wote tunao.

Tunawaomba viongozi wa vitongoji na wa vikundi vya akina mama wasome karatasi hii kwenye mikutano yao, hasa mbele ya vijana wanaojiandaa kwenda Kigali. Mwenye swali, au aliyekutana na tatizo ambalo hatukulitaja, alilete kwa mhamasishaji wa eneo lake ili liingie kwenye karatasi ijayo.